Kupima unyayo kliniki: mkao, viungo na nguvu inayopita ndani yake

Upinde wa unyayo ulioshuka unakuambia jambo moja tu: mtu huyu akisimama, unyayo wake hukaa hivyo. Haukuambii kiungo kinasogea kiasi gani, msuli gani umelegea, wala tishu ipi inaumia. Kumtazama mgonjwa nusu dakika, kuandika "nyayo bapa" kwenye faili na kumpeleka akachongewe soli za ndani ni kazi nusu. Watu wengi wenye nyayo bapa huzeeka bila kuumwa. Anayekuja kliniki kaletwa na nguvu iliyozidi uwezo wa tishu fulani, na vipimo vya hapa chini vimepangwa ili uipate nguvu hiyo: unatazama, unasukuma na kuvuta, kisha unamtembeza.

Mwongozo huu ni wa mwanafiziotherapia, fundi wa viungo bandia na vifaa saidizi, tabibu, au muuguzi wa kliniki ya kisukari anayefanya kazi Moshi, Arusha na vijiji vya kandokando. Tenga dakika 30 kwa mgonjwa wa kwanza. Ukizoea zitatosha 20.

Chumba na vifaa

Anza na sakafu. Sakafu nyingi za saruji zimemwagwa kwa mwinamo ili maji ya kudekia yatoke mlangoni, na mwinamo wa nyuzi 2 unatosha kuharibu usomaji wa kisigino. Weka pima maji ya fundi mwashi, tafuta mahali palipo sawa, piga alama kwa rangi, na wagonjwa wote wasimame hapo hapo.

Unahitaji goniometa ya plastiki (kifaa cha kupimia pembe ya kiungo), rula, futi ya fundi cherehani, kalamu ya wino unaofutika kwa spiriti, vipande vya manila, vibao vya mbao vya milimita 5, 10 na 25, monofilamenti ya gramu 10 (uzi wa plastiki wa kupimia ganzi), na simu yenye kamera. Ongeza kabari. Kata soli ya kandambili ya zamani kwa upana wa kisigino, milimita 6 upande mmoja, ukiichonga hadi iishe kabisa upande wa pili. Fundi viatu yeyote wa sokoni atakuchongea jozi kwa dakika chache, na kabari hizo zitakufaa kuliko kifaa kingine chochote chumbani, kwa sababu zitaonyesha matokeo ya soli kabla mgonjwa hajalipia soli.

Miguu ionekane kuanzia magotini kwenda chini, na kwa mtoto kuanzia mapajani. Mama aliyevaa gauni refu au mzee mwenye kanzu usimwambie tu "pandisha nguo". Mpe kaptula safi au khanga ya ziada, vuta pazia, umsubiri.

Kiatu kabla ya mguu

Mwambie aje na kiatu anachovaa zaidi, siyo cha Jumapili. Kisha uliza jambo ambalo vitabu vingi vya ng'ambo havina haja nalo: alikinunua kipya au ni mtumba? Buti la mlimani lililookotwa kwenye rundo pale soko la Memorial, Moshi, lina historia ya mguu mwingine, na ukiisoma soli yake unampima mtu aliyeko Ulaya. Kama ni mtumba, uliza amekivaa miezi mingapi, halafu tazama vilivyobadilika karibuni: kitambaa cha ndani kilichochubuka, mikunjo ya juu ya vidole, alama ya unyayo kwenye soli ya ndani.

Kiatu alichokianza yeye mwenyewe kikiisha nyuma ya kisigino upande wa nje, hiyo ni kawaida, maana ndipo wengi wetu tunapoanza kugusa ardhi. Kikiisha upande wa ndani, au ukuta wa nyuma wa kiatu ukiwa umelalia ndani, nguvu inapita ndani ya kisigino kwa muda mrefu mno. Kikiisha nje kote hadi kidole kidogo, fikiria upinde uliopanda au matege. Kimoja kikiisha tofauti na chenzake, weka akilini urefu wa miguu. Katambuga haisomeki kwa soli, kwani tairi haliishi upesi. Itazame juu, pale ngozi ilipong'arisha mpira.

Sugu nazo zisome hapo hapo. Aliyezoea kutembea pekupeku ana ngozi nene unyayo mzima, kwa hiyo tafuta pale inapozidi, usihangaike na unene wenyewe. Mifupa ya mbele ni ile mirefu mitano inayoishia kwenye vidole, na huhesabiwa kuanzia upande wa kidole gumba. Sugu chini ya kichwa cha mfupa wa pili wa mbele huku cha kwanza kikiwa laini maana yake mfupa wa kwanza haubebi sehemu yake. Sugu ubavuni mwa kidole gumba, upande wa ndani, humfichua mtu anayebingirika juu ya kidole badala ya kukikunja. Chini ya kichwa cha kwanza na cha tano pamoja: tarajia upinde uliopanda.

Ganzi na joto

Usipime mkao wa unyayo usiohisi kana kwamba ni unyayo wa kawaida. Mgonjwa afumbe macho. Gusa kwa monofilamenti kwenye kidole gumba na chini ya vichwa vya mifupa ya kwanza, ya tatu na ya tano, ukisukuma hadi uzi upinde, sekunde 1 hadi 2, ukikwepa sugu. Kama huna monofilamenti, gusa taratibu kwa ncha ya kidole chako kidole gumba, cha kati na cha mwisho, miguu yote miwili. Asipohisi viwili au zaidi kati ya hivyo sita, mhesabu kuwa na ganzi. Kwetu huku sababu ya kwanza kuifikiria ni kisukari, lakini ukoma nao haujaisha, hivyo tafuta pia baka lisilohisi na mshipa wa fahamu ulionenepa pembeni chini ya goti.

Kisha pitisha mgongo wa mkono wako juu ya nyayo zote mbili. Vitabu husema tafuta wekundu. Kwenye ngozi yetu wekundu hauonekani kirahisi, na anayeusubiri atachelewa. Unyayo wa mgonjwa wa kisukari uliovimba na wenye joto kuliko mwenzake, hata kama hauumi, uchukulie kuwa mifupa yake inavunjika kimyakimya hadi ithibitishwe vinginevyo. Kama una kipimajoto cha kuelekeza, tofauti inayozidi nyuzi 2 za sentigredi inatosha. Hapo upimaji umekwisha: asikanyage mguu huo, na apelekwe siku hiyo hiyo hospitali yenye idara ya mifupa, iwe KCMC ya Moshi au Mount Meru ya Arusha.

Kusimama: alama sita

Mwambie apige hatua chache palepale, kisha asimame. "Mama, simama kawaida kama unasubiri daladala, tazama mbele." Maneno hayo hufanya kazi kuliko "simama wima", ambayo humfanya mtu akaze upinde na kuvuta tumbo. Asigeuke kukutazama, maana akigeuza kiwiliwili mguu nao unazunguka na alama zote zinahama.

Tumia FPI-6 (Foot Posture Index), kipimo cha mkao wa unyayo kilichochapishwa mwaka 2006 na Redmond na wenzake. Kina vipengele sita, kila kimoja kikipewa kuanzia -2 hadi +2. Hasi ni unyayo unaolalia nje, chanya ni unaolalia ndani.

Cha kwanza ndicho kigumu kwa mikono mipya, na ndicho pekee cha kushika. Piga magoti mbele ya mgonjwa, weka kidole gumba chako mbele kidogo ya mfupa uliotokeza wa ndani wa kifundo, na kidole cha shahada upande wa nje, kwenye kibonde kilicho mbele ya mfupa wa nje. Kati ya vidole vyako kuna kichwa cha talasi, mfupa unaokaa kati ya ugoko na kisigino. Ukikihisi sawa pande zote, ni 0. Kikijaa ndani na nje usikipate kabisa, +2. Kinyume chake, -2. Usipokipata popote, mwambie azungushe magoti ndani na nje polepole huku nyayo zikibaki chini; utakisikia kikipita chini ya vidole kama punje ya mahindi ndani ya kitambaa. Kisha mwambie atulie, usome tena. Kosa la kawaida ni kushika chini mno na kukamata navikula ukidhani ni talasi. Navikula, mfupa ulio kileleni mwa upinde upande wa ndani, iko mbele zaidi na ina kinundu kigumu kisichohama namna hiyo.

Vinavyobaki ni vya macho. Ukiwa nyuma, tazama mkunjo ulio juu na ulio chini ya mfupa wa nje wa kifundo: ikilingana ni 0, wa chini ukizama zaidi ni chanya, ukinyooka au kubinuka ni hasi. Kisigino: wima ni 0, kikilalia ndani hadi karibu nyuzi 5 ni +1, zaidi ya hapo +2, na kinyume chake kwa upande wa hasi. Eneo la kiungo cha talasi na navikula, ukitazama kwa pembe kutoka ndani: bapa ni 0, lililotokeza ni chanya, lililobonyea ni hasi. Upinde usiusome kwa urefu peke yake, tazama na umbo: mviringo mzuri ni 0, uliolala na kugusa ardhi katikati ni +2, uliopanda na kukatika ghafla kuelekea kisigino ni -2. Mwisho hesabu vidole ukiwa nyuma kabisa ya kisigino: vya nje vikionekana vingi na vya ndani visionekane kabisa, +2.

Ukisitasita kati ya alama mbili, chagua iliyo karibu na sifuri. Jumla kuanzia 0 hadi +5 ni kawaida, na wastani wa watu wazima wasio na tatizo ni karibu +4, kwa hiyo unyayo unaolalia ndani kidogo ndio wa watu wengi. Kuanzia +6 hadi +9 umelalia ndani, +10 na kuendelea umelalia mno. Kuanzia -1 hadi -4 umelalia nje, -5 kushuka umelalia nje mno. Andika kulia na kushoto kila mmoja peke yake. Tofauti ya upande na upande ina thamani kuliko jumla yenyewe: +8 na +8 kwa mtu asiyeumwa ni umbile lake, lakini +2 na +9 ni swali linalohitaji jibu.

Kwa mtoto mdogo usitumie mizani hii ya watu wazima. Upinde huendelea kujijenga miaka mingi ya utoto, na unyayo bapa laini wa mtoto wa miaka 3 hauhitaji soli. Utafiti wa India uliochapishwa mwaka 1992, uliopima watoto 2,300, ulikuta nyayo bapa nyingi zaidi kwa waliovaa viatu kuliko kwa waliotembea pekupeku; mzazi anayetaka kununua viatu vya gharama "vinavyotengeneza upinde" aambiwe hivyo. Anayestahili rufaa ni mtoto au kijana ambaye unyayo wake bapa ni mgumu: akisimama kwa vidole, upinde haurudi na kisigino hakigeuki ndani, yaani hakitoki kwenye kule kulalia ndani. Hapo shuku mifupa iliyoungana.

Panda juu ya kifundo

Ukanda huu una jambo la kutazama ambalo mwongozo wa kutoka kwingine hauna sababu ya kulitaja. Maji ya baadhi ya vijiji vinavyozunguka Mlima Meru, Maji ya Chai ikiwemo, yana floridi inayozidi kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani, na magadi ya kupikia maharage huongeza juu yake. Floridi nyingi utotoni hupinda mifupa ya miguu. Kwa hiyo, kabla ya kuandika kwamba tatizo liko kwenye unyayo, mwambie mgonjwa atabasamu. Meno yenye madoa ya kahawia pamoja na matege, au magoti yanayogongana, yanakuambia uanzie juu.

Pima kwa futi. Kwa matege, gandanisha vifundo na upime nafasi kati ya magoti. Kwa magoti yanayogongana, gandanisha magoti na upime nafasi kati ya vifundo. Kumbuka umri: matege ni ya kawaida hadi karibu miaka 2, magoti kugongana huzidi karibu miaka 3 hadi 4, na kufikia miaka 7 mguu huwa kama wa mtu mzima. Yanayoongezeka baada ya hapo, yaliyo upande mmoja, au yenye maumivu yanahitaji picha na daktari wa mifupa.

Ugoko uliopinda hubadilisha hesabu yote ya chini. Mwenye matege hufika ardhini kwa ukingo wa nje, kisha kisigino kinalazimika kulala ndani ili unyayo ukanyage wote. Ukimwekea kabari ya kuinua upande wa ndani, unamzuia asifike chini, na maumivu yatahamia goti. Kabla ya soli yoyote kwa mtu wa namna hii, hakikisha kisigino bado kina nafasi ya kwenda.

Nguvu: vipimo vya mgonjwa akiwa amesimama

Hapa ndipo penye utajiri, na ndipo wengi wanapopapita haraka wakimbilie kitanda.

Kuinua upinde. Mgonjwa amesimama kwa miguu yote miwili, ametulia. Ingiza ncha za vidole viwili vya mkono chini ya navikula, uinue juu, ukisikiliza nguvu inayohitajika. Tumia ngazi tatu: rahisi, wastani, ngumu. Mgonjwa akikusaidia kwa kuegemea nje, kipimo kimeharibika. Mwambie "niachie mimi" na urudie. Watu wawili wenye FPI ya +8 wanaweza kutofautiana kabisa hapa, kwa sababu mhimili wa kiungo kilicho chini ya talasi haukai mahali pamoja kwa kila mtu. Wastani wa vitabuni ni nyuzi 42 kutoka ardhini, lakini Isman na Inman mwaka 1969 walipima nyayo za maiti wakakuta unatofautiana kwa makumi ya nyuzi. Mhimili ukikaa ndani zaidi, sehemu kubwa ya unyayo inabaki nje yake na ardhi inasukuma unyayo ulale ndani kwa nguvu. Mgonjwa wa namna hiyo ukimpa soli laini ya sponji unampotezea fedha. Aliye rahisi kuinuliwa, soli ngumu itamtupa nje na atarudi kwako ameteguka kifundo.

Kuinua kidole gumba. Bado amesimama, kamata kidole gumba ukiinue polepole. Utando mgumu wa chini ya unyayo unajivingirisha kwenye kichwa cha mfupa wa kwanza, upinde unapanda, na ugoko unazunguka nje. Ufundi huo ulielezwa na Hicks mwaka 1954. Andika mambo matatu: nguvu iliyohitajika, upinde umepanda au la, ugoko umezunguka au la. Kidole kisipoinuka kabisa, weka kabari chini ya nusu ya ndani ya kisigino, urudie. Kikilegea, umepata kinachokizuia na umepata dawa yake kwa mkupuo mmoja. Kisipolegea, subiri kitandani uone kama kiungo chenyewe kimekakamaa.

Goti ukutani. Hiki usikiruke kwa mpagazi, muongoza watalii, mkulima wa mashamba ya mteremko wala mkimbiaji. Kidole gumba kikiwa sentimita 10 kutoka ukutani, apinde goti hadi liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka, goti likipita juu ya kidole cha pili. Akishindwa, sogeza unyayo karibu na ukuta kidogo kidogo; akiweza kirahisi, mrudishe nyuma, hadi upate umbali wa mwisho. Kila sentimita moja ni karibu nyuzi 3.6 za kifundo. Chini ya sentimita 9 hivi, au tofauti ya sentimita 2 kati ya kulia na kushoto, ni upungufu wa kushughulikiwa. Shika navikula kwa kidole wakati anapinda: upinde ukiporomoka, goti litafika ukutani kwa udanganyifu na utaandika namba nzuri ya kifundo kibovu. Muulize pia anasikia wapi. Mvuto nyuma ya mguu ni msuli. Kubanwa mbele ya kifundo ni kiungo, na kumvutisha shavu la mguu miezi mitatu hakutamsaidia.

Sababu ya kukazania hili ni milima yenyewe. Mtu anayepanda mteremko anahitaji kifundo kipinde zaidi ya kwenye lami, na akiwa na mzigo wa kilo 20, ambao ndio kikomo cha mpagazi wa Kilimanjaro, hawezi kujitetea kwa kutembea kwa vidole kutwa nzima. Kifundo kisipopinda, unyayo unavunjikia katikati: upinde unashuka ili mguu upite. Ukimtazama amesimama utasema ni nyayo bapa. Kumbe upinde wake unalipa deni la shavu la mguu.

Kunyanyuka kwa mguu mmoja. Vidole vya mikono viguse ukuta kwa usawa tu, goti limenyooka. Ukiwa nyuma, tazama kisigino kikienda juu: kinapaswa kugeuka ndani. Mtu mzima mwenye afya hunyanyuka mara 20 na zaidi, ingawa ubora wa tano za kwanza unatosha kukupa jibu. Asiyeweza hata moja, mwenye maumivu nyuma ya mfupa wa ndani wa kifundo na vidole vingi vikionekana nje upande huo tu, kano yake inayoshikilia upinde inakufa. Huyu asisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Kwa upinde uliopanda, tumia kibao cha milimita 25. Kisigino na ukingo wa nje vikae juu ya kibao, kichwa cha mfupa wa kwanza kining'inie kufika chini. Kisigino kilichokuwa kimelalia nje kikinyooka, tatizo linatoka mbele na nyuma bado ni laini. Kisiponyooka, kisigino chenyewe kimekakamaa. Upinde unaopanda mwaka hadi mwaka, hasa upande mmoja au pamoja na vidole vilivyokunjika, ni wa kupimwa mishipa ya fahamu.

Kitandani

Huku pita haraka, ukijua mipaka ya mikono yako. Goniometa kwenye kisigino ina kosa la nyuzi 5 hivi hata kwa mzoefu, kwa hiyo anayeandika "nyuzi 7.5" anajipamba. Mgonjwa alale kifudifudi, unyayo ukining'inia nje ya kitanda. Tikisa kisigino ndani na nje. Vitabu husema karibu nyuzi 20 kwenda ndani na 10 kwenda nje, lakini unachotafuta ni kama kinasogea, kama kinauma, na kama kinafanana na cha pili.

Alale chali. Pandisha unyayo juu goti likiwa limenyooka, kisha likiwa limekunjwa, huku kisigino ukikishika kisilale ndani. Kikipanda vizuri goti likikunjwa tu, msuli wa juu wa shavu ndio mfupi. Kikigoma hali zote mbili, tafuta msuli wa chini, kano au kiungo.

Mfupa wa kwanza wa mbele: mkono mmoja ushike vichwa vya pili hadi vya tano, mwingine ushike cha kwanza, usogeze juu na chini. Karibu milimita 5 kila upande ni sawa. Kidole gumba kikiwa hewani kikunje juu. Nyuzi 65 hivi ndizo za vitabu. Kikikunjika hewani na kugoma mtu akisimama, kiungo ni kizima na tatizo ni la nguvu. Kikigoma kote, fikiria mfupa ulioota.

Mwendo

Unahitaji mita 6 hadi 8. Kama chumba kidogo, tumia veranda. Chora mstari wa wima nyuma ya kisigino na chini ya shavu la mguu. Simu iwe kimo cha shavu la mguu, mita 2 hadi 3 nyuma, video ya mwendo wa polepole. "Kaka, tembea kama unaenda sokoni." Hatua za kwanza mbili na za mwisho mbili zitupe. Piga akiwa pekupeku, kisha na kiatu, na mpagazi apigwe pia akiwa amebeba begi lenye uzito, maana bila mzigo huoni anachokwenda kufanya kazini.

Tazama kitu kimoja kwa kila mzunguko. Kisigino kinanyanyuka kabla mguu wa pili haujaupita ulio chini? Shavu fupi. Wakati wa kunyanyuka, kisigino kinachomoka ghafla kuingia ndani? Mwili umekataliwa njia ya kupita juu ya kidole gumba ukatafuta ya pembeni. Kisigino bado kimelala ndani vidole vinapoachana na ardhi? Upinde haukurudi kwa wakati. Unyayo unapiga chini kwa kishindo, au goti linainuliwa juu mno? Rudi kwenye mishipa ya fahamu.

Kuandika na kuamua

Kwenye faili yaanze maumivu: tishu ipi, inauma ikifanya nini. Kisha namba za pande zote mbili. Kisha jaribu hapo hapo. Mfano: mpagazi wa miaka 28 anaumwa chini ya kisigino, hatua ya kwanza ya asubuhi ikiwa mbaya kuliko zote. FPI +7 pande zote, goti ukutani sentimita 4 kulia na 5 kushoto, kidole gumba kigumu kuinua, kuinua upinde wastani. Ukifuata FPI utampa soli ya kuinua upinde. Ukifuata vipimo vya nguvu, weka kibao cha milimita 10 chini ya visigino vyote, urudie kidole gumba. Kikilegea, anza na kunyoosha shavu la mguu kila siku na kuinua kisigino ndani ya buti, kisha upime tena goti ukutani baada ya wiki 6. Soli ya upinde peke yake ingemzuia asiporomoke bila kumpa kifundo cha kupanda nacho.

Kabari iliyopunguza maumivu ndani ya kliniki ibandikwe kwa plasta ndani ya kiatu, akaitembelee wiki 2 kabla ya kutengenezewa soli ya kudumu. Kiatu kiwe na ukuta wa nyuma ulio mgumu na nafasi ya sentimita 1 hadi 1.5 mbele ya vidole. Kwa anayeshuka Kilimanjaro kwa njia ya Mweka hiyo nafasi ndiyo itakayookoa kucha zake. Asiye na kiatu ila katambuga, kabari ibandikwe kwa gundi ya viatu juu ya soli na kushonwa pembezoni, kisha mwambie airudishe aionyeshe pale itakapoanza kubonyea, kwa sababu povu la kandambili hubonyea mapema na baada ya hapo linakuwa pambo tu.